Kumsenga Hawasikilizi Bure

Siku niliyoaga kazini Kibondo watu walilia. Waliolia kwa uchungu zaidi ni wale waliozoea kupata lifti kwenye gari langu kila Ijumaa nikirudi nyumbani Kasulu.

Kwa miaka mingi nilikuwa afisa mipango na tathmini katika shirika linalohudumia kambi za wakimbizi na vijiji vinavyozizunguka. Kazi yangu ilikuwa kwenda kijijini, kuwauliza watu kama semina ya mwaka uliopita iliwasaidia, kisha kurudi ofisini na kuandika kwamba iliwasaidia. Waliposema haikuwasaidia, tuliandika kwamba wanahitaji semina nyingine. Niliacha kwa sababu nilichoka kuandika ripoti ambazo msomaji wake pekee nilikuwa mimi mwenyewe. Niliacha pia kwa sababu niliamini kwamba wako watu wenye shida ya ushauri na walio tayari kuulipia. Hili la pili nilikuwa nimelisikia kwenye semina.

Sherehe ilikuwa na mshereheshaji wa kukodi, ambaye aliniita "mama wa uendelevu" bila kujua maana ya neno lolote kati ya hayo mawili. Nilikatiwa keki, nikavishwa vitenge, nikapewa sanduku kubwa la nguo lenye magurudumu. Hakuna aliyejiuliza ningelipeleka wapi, maana nilikuwa narudi kwenye nyumba yangu mwenyewe, yenye kabati.

Bosi wangu, bwana mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akiihesabu Kibondo kama kifungo, alinivuta pembeni karibu na masufuria ya pilau.

"Madam, nafasi yako siitangazi mpaka mwisho wa mwezi ujao," alisema. "Watu hutoka, wakapigwa na jua, wakarudi. Nitakupigia simu."

"Hutakuwa na haja."

"Nitapiga tu."

Kwetu ni Muyama, upande wa Buhigwe. Ukutani kwa mama yangu kuna picha mbili: ya Yesu, na yangu nikiwa nimevaa kizibao cha shirika. Ya kwangu ina fremu nzuri zaidi. Nilipokwenda kumweleza kwamba nimeacha kazi ili nijitegemee, aliweka chini bakuli la maharage aliyokuwa akiyachambua.

"Umeiba nini, mwana wanje?" Kwa Kiha hivyo ndivyo mzazi anavyomwita mtoto wake anapompenda au anapomhofia.

"Sijaiba, mama. Nimeacha mwenyewe."

"Ego, nimeelewa. Lakini umeiba nini?"

Jirani yake, aliyekuja kusaidia maharage na kubaki kusaidia mazungumzo, aliniokoa. "Usimbane mtoto," alimwambia. "Kama ameiba, si atajenga?"

Baada ya hapo Muyama nzima ilifahamu kwamba nimeuza dizeli ya shirika. Wengine walisema si dizeli, ni sola. Nilipopita njiani nilisalimiwa kwa heshima ambayo sikuwahi kuipata nikiwa mtumishi mwaminifu. Mwizi ana mtaji, na mtu mwenye mtaji anafaa kujuana naye. Lakini mtu anayeacha mshahara kwa hiari yake ana ugonjwa, na ugonjwa wenyewe huenda ni wa ukoo.

Mume wangu ni mkufunzi katika chuo cha ualimu. Ni mtu mpole, na anapotaka kuuma huuma kwa upole huohuo. Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vilivyoezekwa na vyumba vilivyokuwa bado vinatazama mbingu, na mshahara wa mkufunzi hauezeki haraka. Jioni moja mezani aliniita "mkurugenzi", jina ambalo hakuwa akilitumia kwa kunisifu.

"Mkurugenzi, mimi sina neno kubwa. Nataka mteja mmoja. Mmoja tu, anayelipa yeye mwenyewe kwa mkono wake, kabla bosi wako hajapiga simu. Ukimpata, sitasema kitu tena mpaka nife. Usipompata unarudi Kibondo, na lile sanduku litakuwa limepata kazi."

Nilikubali. Nilidhani amenirahisishia.

Nilipanga chumba karibu na soko la Kasulu, kati ya fundi cherehani na duka la nafaka na vifaa vya nyumbani. Mchora vibao aliniandikia juu ya mlango: Ushauri wa Biashara, Mipango na Tathmini. Nikaweka meza, kiti changu, na kiti cha mteja.

Kiti cha mteja kilipata mtu siku ileile. Alikuwa mzee mwenye duka la jirani, mwenye kofia ya kiua na ukoo wa Tanga ambao aliutaja kama wengine wanavyotaja shahada. Alikuja kunikaribisha, akakaa, na tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi akishamaliza kufungua duka. Hakuja kushauriwa. Alikuja kunishauri.

"Binti yangu," alisema, "mimi duka hili nimekaa nalo umri wangu wote. Wamekuja kuulizia chumvi, wamekuja kuulizia misumari, sanda wameulizia. Sijamwona hata mmoja aliyeulizia kilo ya maneno."

"Wanahitaji maarifa, Mzee."

"Wanayo. Kila mtu hapa ana shangazi."

Alikuwa na hoja, na hicho ndicho kilichoniudhi. Ukitaka kuoa hapa, unakalishwa na watu wazima watano wanaokushauri bure. Ukitaka kuuza shamba, wanakuja saba. Ukifiwa, wanakushauri mpaka unamwonea marehemu wivu. Kuuza ushauri Kasulu ilikuwa kama kuuza ukungu asubuhi ya Juni.

Waliopita mlangoni kwangu walikuwa wengi. Mmoja alitaka nimtafutie mwanawe kazi kwenye shirika. Mwingine alitaka kujua, kwa sauti ya chini, kama ile sola bado ipo. Mama mmoja wa genge alinieleza biashara yake yote kwa kirefu, nikamweleza cha kufanya, akafurahi sana, akaniambia Mungu anibariki, akaondoka. Kesho yake aliniletea mwenzake.

Mwezi ulikuwa umeanza kuinama ndipo nilipopigiwa simu kutoka Kumsenga, kijiji cha upande wa Kibondo. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji nyuki, mama niliyemfahamu tangu enzi za kizibao. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wakimbizi. Yeye sasa ni raia, ana mashamba, ana mizinga, na ana ulimi.

"Tumesikia siku hizi unatoa ushauri ukiwa peke yako."

"Ndiyo, mama."

"Basi njoo. Tuna jambo linatugawa."

Nilimweleza kwamba siku hizi siko chini ya shirika, kwa hiyo kazi yangu ina gharama zake. Alisema hilo wanalijua, watu wazima hawaitani bure. Nilikata simu nikamwendea mume wangu bafuni, nikamtangazia kupitia mlangoni kwamba mteja amepatikana.

"Amelipa?" aliuliza, huku maji yakimwagika.

"Atalipa."

"Aa," alisema. "Basi hongera kidogo."

Nilipanda basi la alfajiri mpaka Kibondo, kisha nikachukua bodaboda. Dereva alikuwa mtu mzima aliyenikumbuka.

"Gari la shirika limekufa?"

"Sina shirika tena."

Aliendesha mpaka tulipomaliza kilima cha pili. Hapo aligeuza shingo, akasema, "Pole sana," akapunguza mwendo, kama mtu aliyegundua amebeba mgonjwa.

Mkutano ulikuwa ndani ya kanisa lao la matofali. Nilishtuka kwa wingi wa watu. Nilijua kikundi kina wanachama wachache, lakini mabenchi yalikuwa yamejaa mpaka mlangoni; walikuwepo hata watu waliokuwa wakiwajua nyuki kwa kuumwa tu. Walisimama wakaniimbia wimbo wa kumkaribisha mgeni, na katika ubeti wa mwisho wakalishukuru shirika langu la zamani. Niliuliza kwa nini. Waliniambia wimbo ulitungwa hivyo.

Nikaanza kusema. Nilikuwa nimejiandaa vizuri. Nilizungumzia soko, wadau, na umuhimu wa kikundi kujengewa uwezo wa kujadiliana. Kila nilipovuta pumzi walinipigia makofi ya kilo, yale ya kupasha viganja kwanza kisha yanapigwa kwa pamoja kwa kuhesabiwa. Vichwa viliitikia kwa mwendo mmoja. Nilijisikia mtu wa maana. Sasa nasikitika kukumbuka kwamba niliongea mpaka jua likawa kichwani.

Nilipomaliza, katibu alipitisha karatasi ya mahudhurio aliyokwisha kuipiga mistari, yenye nafasi ya jina, sahihi na namba ya simu ya kupokelea pesa. Kila mtu aliandika kwa utulivu. Kisha mwenyekiti akasimama.

"Tunamshukuru mgeni kwa mafundisho. Sasa tuingie kwenye jambo la mwisho."

"Lipi hilo, mama?" niliuliza.

"Nauli na posho."

"Za nani?"

Alinitazama kama mtu anayetazama tundu kwenye paa. "Za wajumbe."

Nilisimama pale mbele, chini ya msalaba, nikawaeleza kwamba mimi sikuja kulipa. Mimi ndiye niliyekuja kulipwa.

Kanisa lilicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Walicheka kama unavyocheka mgeni anapokosea mlango akaingia chooni kwa wanaume. Mzee mmoja wa benchi la mbele, mwenye koti la mvua siku isiyo na mvua, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Ulipwe kwa kazi gani?" aliuliza alipoweza.

"Ya kuwashauri, Mzee."

"Na sisi tuliokaa hapa tangu asubuhi tunakusikiliza, hiyo si kazi?"

Mwenyekiti alimnyamazisha kwa mkono, kisha akanifafanulia polepole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Mwanangu, wewe umekuja na maneno. Sisi tumekuja na masikio. Tangu nianze kuishi hapa sijaona mtu analeta maneno bila kulipia masikio. Walikuja wa kunawa mikono, tukasikiliza, wakalipa. Walikuja wa usawa wa kijinsia, wakalipa na soda juu. Hawa wazee unaowaona wamesikiliza uzazi wa mpango mara ngapi sijui, na aliye mdogo kuliko wote ana vitukuu. Je, walikataa? Walisikiliza. Wewe mwenyewe ulikuwa unakuja na bahasha. Leo imekuwaje?"

Ilikuwa kweli tupu, na ningetamani mtu mwingine angeisema, mahali pengine. Shirika zima, pamoja na madaktari wake wa falsafa, lilikuwa limetumia miaka kuwafundisha watu hawa kujitegemea, na somo lililoshika ni moja tu: kwamba kusikiliza habari za kujitegemea ni ajira.

"Sina bahasha," nilisema.

"Huna kabisa?"

"Sina, mama."

Wakaanza kuondoka. Hawakutukana wala hawakunung'unika. Walipita mmoja mmoja, wakinipa mkono na kuniambia pole, kama watu wanaotoka kwenye msiba wa marehemu asiyeacha kitu. Walipokwisha, mabenchi yalibaki na watu wachache waliotawanyika: mwenyekiti, katibu, mzee wa koti la mvua, na wengine wenye mikono ya kazi. Hao ndio waliokuwa na mizinga.

Mwenyekiti alisogea benchi la karibu. "Sasa tumebaki wenyewe. Nani kakufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza."

"Oya," alisema, yaani hapana, hilo haliingii. Lakini hakuendelea nalo. Badala yake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alinieleza walichoniitia.

Mfanyabiashara mmoja wa Kibondo mjini alitaka kununua asali yao yote ya msimu kabla haijarinwa. Wao wangeipeleka kwake, naye angeipima stoo kwake kwa mizani yake. Nusu ya kikundi ilitaka kukubali, nusu ilikataa, na ndugu wawili walikuwa wamekwisha kuacha kusalimiana. Walimuuliza mtaalamu wa kata, akasema waunde kamati. Waliuliza shirika, likaja likawafanyia semina ya mnyororo wa thamani na kuwachorea mishale mingi kwenye karatasi kubwa. Mishale ilikuwa bado imebandikwa ukutani. Hakuna aliyewaambia wakubali au wakatae.

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa fupi. Lilikuwa limekwisha kufika ulimini. Mila zote nilizolelewa nazo zilinisukuma nilitoe, maana mtu akikueleza shida yake uso kwa uso humwambii subiri kwanza ulipe. Lakini nilijua pia kwamba nikilitoa, nitabarikiwa, nitasindikizwa mpaka njia panda, na wiki hiyohiyo nitavaa tena kizibao.

"Nitawaambia cha kufanya na kwa nini," nilisema. "Lakini mtanilipa."

Walitazamana. Mzee wa koti aliuliza, "Neno lenyewe refu?"

"Si refu."

"Basi lisije likawa ghali."

Walitoka nje kushauriana. Kanisa halikuwa na vioo madirishani, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Katibu alisema ni aibu, mtu msomi kuomba. Mwingine alisema afadhali nipewe asali niondoke. Ndipo niliposikia sauti ya mwenyekiti.

"Hebu fikirini. Tukimlipa sisi, hatumwimbii."

"Makofi je?"

"Makofi ya nini? Umenunua sabuni, unaipigia makofi?"

"Na picha?"

"Hakuna picha. Hakuna kusimama na bango kwenye jua. Na akisema upuuzi tunamkatiza, hana la kufanya."

Halafu mzee wa koti akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa ng'ombe mzuri, "Kumkatiza?"

"Wakati wowote."

Walirudi wakiwa wamechanga. Waliyaweka malipo yangu kwenye kikapu cha sadaka, wakakisukuma mbele yangu bila maelezo, wakakaa benchi la kwanza wote, mikono wameikunja kifuani. Nilisema asante. Hakuna aliyeitikia. Tayari nilikuwa nakula muda wao.

"Kama wadau wakuu wa mnyororo huu," nilianza.

"Wadau ni akina nani?" mzee alinikatiza. Alionekana mtu aliyengojea tangu uhuru.

"Ninyi."

"Basi sema ninyi. Tumelipa."

Nikasema ninyi. Niliwaambia wasiuze asali yote kabla ya kurina. Wauze sehemu, nyingine wabaki nayo waone bei ya msimu. Na hiyo wanayouza, ipimwe hapahapa Kumsenga, mbele yao, kwa mizani ya kikundi. Mwenyekiti alitaka kujua itakuwaje mnunuzi akikataa kuja. Nikamwambia akikataa, watakuwa wamejua kwa nini alitaka kupimia kwake. Katibu akaniomba nirudie. Mwingine akaniambia nirudie tena, lakini safari hii nimtazame yeye. Mmoja akauliza kuhusu asali kunuka moshi.

"Nyuki siwajui," nilisema.

"Umelipwa na hujui?"

"Nimelipwa kwa ninachokijua."

"Basi tupunguze," alisema mzee, na alinyoosha mkono kuelekea kikapu. Ilibidi mwenyekiti amshike.

Katika miaka yangu yote ya semina sikuwahi kubanwa hivyo. Jasho lilinitoka. Niliwakumbuka mabosi wangu wote niliowakimbia, wenye vyeti na viyoyozi, nikaona walikuwa watu wa huruma sana.

Simu yangu ililia juu ya meza ya kanisa. Nilipotazama, niliona ni bosi. Nikaiacha, ikaendelea kulia.

"Nani huyo?" mwenyekiti aliuliza.

"Bosi wangu wa zamani. Anataka jibu kama narudi kazini."

Hakuna aliyeonyesha kushtushwa wala kuniombea. Mwenyekiti alitazama jua kupitia dirishani. "Mpokee, lakini iwe fupi. Saa hizi ni zetu."

Spika ya kusikilizia sikioni ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nilipokea kwa sauti ya wazi, mbele ya benchi zima.

"Madam! Mwezi umeisha. Jua limekupiga?"

"Niko kazini," nilisema. "Nitakupigia jioni, lakini jibu ni kwamba sirudi."

"Kazini wapi?"

"Kumsenga. Kwa wafugaji nyuki."

Alicheka kicheko kirefu cha ofisini. "Hao? Hao wanakulipa wewe?"

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti aliinama juu ya simu, akaongea ndani yake kwa nguvu, kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde.

"Tumemlipa. Wewe unamchelewesha."

Kisha akaibonyeza mwenyewe, ikakatika. Mzee wa koti la mvua alikwisha kusogea ukingoni mwa benchi.

"Anza tena pale kwenye mizani," alisema. "Sijaelewa, na mchango wangu umo."